Kabla hujanunua meza, pima kiwiko na paja

Anayetaka kupanga sehemu ya kufanyia kazi nyumbani huanzia dukani: meza ipi, kiti kipi, taa ipi. Wiki chache baadaye shingo inauma, mabega yamekakamaa, na lawama zote zinakiangukia kiti. Mara nyingi kiti hakina kosa. Kilichokosekana ni vipimo viwili ambavyo vingechukua dakika tano kwa futi ya fundi cherehani.

Kaa kwenye kiti kigumu, nyayo zote zimetua sakafuni, magoti yamekunjwa nyuzi 90 au zaidi kidogo. Kama utakuwa unafanya kazi peku, pima ukiwa peku. Soli ya viatu hubadilisha hesabu. Legeza mabega, acha mikono ining'inie ubavuni, kisha kunja kiwiko nyuzi 90. Mtu mwingine apime kutoka sakafuni hadi chini ya kiwiko, kwa sababu ukijipima mwenyewe utainama na kipimo kitakuwa cha uongo. Hicho ndicho kipimo cha kwanza. Cha pili ni kutoka sakafuni hadi juu ya paja, pale lilipo nene zaidi, ukiwa umekaa vilevile.

Watu wazima wengi hupata kati ya sentimita 58 na 72 kwenye kiwiko. Sasa kapime meza ya kulia chakula, au meza yoyote ya ofisi iliyo dukani. Nyingi zina sentimita 72 hadi 76, na bado hujaweka kibodi yenye unene wa sentimita 2. Maana yake, kwa watu wengi meza ya kawaida iko juu mno kwa kuchapa. Mwili hujirekebisha wenyewe bila kukuuliza: mabega yanapanda, au viwiko vinatanuka kama vya mtu anayebeba ndoo mbili. Misuli ya juu ya bega inafanya kazi kuanzia asubuhi hadi jioni bila kupumzika, na maumivu yake hupanda shingoni hadi kisogoni.

Hesabu yenyewe

Tuchukue mtu ambaye kiwiko chake kiko sentimita 65 na paja sentimita 57. Meza ina 74, kibodi ina 2, kwa hiyo vidole vyake vinachapa kwenye urefu wa 76. Amepitwa kwa sentimita 11. Anaweza kukipandisha kiti sentimita 11 na kuweka kibao cha miguu chenye urefu uleule, ili nyayo zisining'inie. Anaweza kukata miguu ya meza sentimita 11. Au agawe tofauti hiyo: akate 6, apandishe kiti 5, na kibao cha miguu kiwe cha 5. Zote ni sawa kwa mwili. Uamuzi unategemea kiti kinapanda hadi wapi (vingi hukomea kati ya sentimita 50 na 53) na kama meza ni yako au ya mwenye nyumba.

Ila kuna jambo ambalo halirekebishiki kwa kupandisha wala kukata, nalo ni unene wa meza. Angalia: kati ya kiwiko cha mtu huyu na paja lake kuna sentimita 8. Ndani ya hizo 8 lazima ienee kibodi (2), uwazi mdogo ili paja lisibanwe (2), na ubao wa meza wenyewe. Zinabaki 4. Ukipandisha kiti, paja linapanda pamoja na kiwiko. Nafasi inabaki ileile. Kwa hiyo meza yenye droo ya katikati, au ile yenye ubao mpana wa fremu unaopita mbele juu ya magoti, haitamfaa mtu huyu hata aifanyie nini. Atakaa mbali nayo, anyooshe mikono, ainame. Hii ndiyo sababu meza nzito nzuri zenye droo tatu huwachosha watu kuliko kipande cha plaiwudi kilichofungwa miguu minne. Ukienda kuchagua, pitisha mkono chini ya meza kabla ya kusifia rangi.

Kama meza ya droo ndiyo hiyo uliyonayo, ing'oe droo pamoja na reli zake. Ubao wa fremu usiuguse bila kuelewa unachofanya. Ndio unaozuia meza isiyumbe.

Ukiamua kukata miguu, usipime kutoka chini kwenda juu. Miguu ya meza mara nyingi hailingani, na pengine sakafu yako nayo ina bonde. Geuza meza kichwa chini, pima kila mguu kutoka kwenye ubao wa juu hadi mahali pa kukata, na uzungushe utepe wa karatasi wenye gundi kwenye mstari ili mbao isichanike nyuzi. Kata milimita chache pungufu ya unachotaka, simamisha meza, weka pima maji, ndipo umalizie kwa msasa au kwa vipande vya mpira chini ya mguu. Sentimita iliyokatwa hairudi.

Ukichagua kibao cha miguu, kiwe kipana kiasi cha miguu miwili kucheza, tuseme sentimita 40 kwa 30, kizito au chenye mpira chini. Rundo la vitabu huteleza, na kiti chenye magurudumu kinakurudisha nyuma kila unaposukuma. Kina cha meza kiwe angalau sentimita 60, na 75 ni raha zaidi kwa mwenye skrini ya nje. Upana wa 120 unatosha watu wengi.

Kiti

Kiti cha bei kubwa kilichorekebishwa vibaya kinashindwa na kiti cha kawaida kilichorekebishwa vizuri. Cha kwanza kuangalia ni kina cha kalio, yaani sehemu ya kukalia: kaa hadi mgongo uguse kiegemeo, halafu pima nafasi kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti. Vidole vitatu vipite. Visipopita, utateleza mbele ili kuokoa magoti, mgongo utaachana na kiegemeo, na hapo kiegemeo kizuri kiasi gani hakina kazi. Mto mwembamba mgumu nyuma ya mgongo hupunguza kina hicho.

Kisha kile kiuno kinachoingia ndani. Hapo ndipo panapohitaji kushikiliwa, kwenye usawa wa mkanda au juu yake kidogo. Taulo lililoviringishwa hadi unene wa sentimita 8 na kufungwa kwa kamba kwenye kiegemeo linafanya kazi hiyo vizuri. Likikusukuma mabegani limekaa juu mno. Ukihisi linakutoa kwenye kiti, ni nene mno. Na usijilazimishe kukaa wima kama askari wa gwaride. Kiegemeo kilicholala nyuma kidogo, nyuzi 100 hadi 110, kinapunguzia uti wa mgongo mzigo kuliko nyuzi 90 kamili.

Mikono ya kiti ni adui asiyetajwa. Ikigonga ukingo wa meza, inakuzuia kusogea karibu, na wewe unaishia kuinama kufidia. Ishushe, isiposhuka, ing'oe. Mara nyingi imeshikwa na skrubu mbili au tatu chini ya kalio kila upande, na kiti hakidhuriki kwa kuikosa.

Kiti kinachoshuka polepole chenyewe ukiwa umekikalia kimechoka mpira wa ndani wa bomba la gesi. Usilifungue wala kulitoboa bomba hilo, lina shinikizo. Hubadilishwa zima. Wakati unasubiri, pandisha kiti hadi urefu wako, pima sehemu ya chuma iliyo wazi, kata bomba la plastiki la maji kwa urefu huo, lipasue upande mmoja kwa urefu na ulivishe pale. Kiti hakitashuka tena, ingawa pia hakitarekebishika. Magurudumu nayo yana aina: magumu ni ya zulia, yenye mpira laini ni ya vigae na mbao. Ukiyakosea, kiti kitakimbia au kitachora sakafu.

Skrini, kibodi, mausi

Kompyuta mpakato ina kasoro ya kuzaliwa: skrini na kibodi havitengani. Ukiiweka sawa kwa mikono, shingo inainama. Ukiinyanyua kwa macho, mikono inapanda. Hakuna mkao unaoponya hilo. Kwa yeyote anayeitumia zaidi ya saa mbili kwa siku, kibodi ya nje na mausi ndiyo pesa ya kwanza kutoka, kabla ya kiti, kabla ya taa. Kompyuta yenyewe iinue kwa sentimita 15 hadi 20 juu ya kitu kigumu, na usizibe matundu ya hewa ya chini. Kitanda na mto huyaziba kabisa. Feni hulia, mashine hujipunguza kasi, na betri inayopashwa joto kila siku huzeeka mapema.

Mstari wa juu wa skrini uwe usawa wa macho au chini yake kidogo, umbali wa mkono ulionyooshwa, yaani sentimita 50 hadi 70. Anayevaa miwani ya sehemu mbili aishushe skrini zaidi, la sivyo atakuwa anainua kidevu siku nzima ili asome kupitia kipande cha chini cha lenzi. Ukijikuta unasogeza uso karibu, usisogeze skrini. Ongeza ukubwa wa maandishi kwenye mipangilio hadi asilimia 125 au 150. Wenye skrini mbili: kama moja ndiyo ya kazi, iwe mbele ya pua na nyingine pembeni. Maungio ya skrini mbili yawekwe katikati pale tu unapozitumia sawasawa.

Kibodi ina vimiguu viwili nyuma ambavyo watu huvikunjua kwa mazoea. Vikunje. Vinainua upande wa nyuma na kuvipindua vifundo vya mikono kwenda juu, wakati vinatakiwa vinyooke. Halafu tazama herufi G na H: ziwe mbele ya kitovu chako. Watu hukiweka katikati kibodi kizima, pamoja na kile kipande cha tarakimu cha kulia, na kwa hiyo herufi zinahamia kushoto na mausi inasukumwa sentimita kumi na zaidi kulia. Bega la kulia linalouma peke yake mara nyingi linatokana na hapo. Dawa ni kibodi isiyo na tarakimu za pembeni, au kuhamishia mausi kushoto, mkono huzoea.

Na hata ukipanga vyote hivyo, usikae zaidi ya nusu saa au dakika arobaini bila kunyanyuka. Meza ya kusimamia inasaidia kwa sababu inakubadilisha mkao, si kwa sababu kusimama kuna fadhila. Anayesimama siku nzima anahamisha maumivu tu kutoka kiunoni kwenda visiginoni.

Mwanga

Dirisha liwe ubavuni. Likiwa mbele yako, macho yanapambana na mwanga wa nje uliozidi skrini mara nyingi. Likiwa nyuma, linaonekana ndani ya skrini. Jaribio lake ni rahisi: zima skrini, kaa mahali pako, tazama kioo cheusi. Kila kinachong'aa humo kitakusumbua baadaye. Sogeza meza, geuza skrini, au teremsha pazia jepesi.

Kung'aa kwa skrini kuna jaribio lake pia. Shika karatasi nyeupe kando ya ukurasa mweupe kwenye skrini. Skrini ikionekana kama taa, punguza. Ikionekana ya kijivu, ongeza. Kufanya kazi gizani huku skrini peke yake ikiwaka ndiko kunakochosha macho haraka, kwa hiyo washa taa hata kama unaiona skrini vizuri.

Taa ya mezani ya LED yenye lumeni 400 hadi 800 inatosha. Anayeandika kwa mkono wa kulia aiweke kushoto, ili kivuli cha mkono kisiangukie karatasi, na wa kushoto kinyume chake. Kwenye boksi la balbu kuna namba ya kelvini: 4000 ni nyeupe tulivu ya kazi, 2700 ni ya njano ya jioni, 6500 ni ya kibuluu na usiku huonekana kali. Mtu anapokodolea skrini hupepesa macho mara chache kuliko kawaida, ndiyo maana yanakauka na kuwasha. Kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20. Na feni isikupulizie usoni moja kwa moja. Ielekeze ukutani au mgongoni.

Umeme na intaneti

Vifaa vya meza ya kawaida havili umeme mwingi. Kompyuta mpakato wati 65, skrini 30, ruta 10, taa 10, chaja ya simu 20: jumla 135. Ekstensheni iliyoandikwa ampea 10 kwenye umeme wa volti 230 inabeba wati 2,300. Hatari haitoki kwenye kompyuta. Inatoka pale mtu anapochomeka birika la wati 2,000 pamoja na pasi kwenye ekstensheni ileile, au anapochomeka ekstensheni ndani ya ekstensheni nyingine ili ifike. Zile za kuzungusha kwenye gurudumu zikunjuliwe zote kabla ya mzigo mkubwa, maana waya uliojiviringisha haupoi. Plagi ikiwa ya moto mkononi, au soketi imebadilika rangi kuwa ya kahawia, acha kuitumia siku hiyohiyo.

Umeme unapokatika, kompyuta mpakato ina betri yake, kwa hiyo usiichomeke kwenye UPS, yaani kifaa cha betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika, ikala akiba bure. Vinavyohitaji UPS ni ruta na skrini ya nje. UPS ndogo ya VA 650 huwa na betri ya volti 12 na ampea-saa 7, yaani wati-saa 84 kwenye karatasi. Kwa hasara za kubadilisha umeme na namna betri ya risasi inavyotoa, tegemea nusu yake: ruta na skrini vya wati 40 vitaenda karibu saa moja betri ikiwa mpya. VA si wati. Soma namba zote mbili. Printa ya leza usiichomeke humo kamwe, maana inapopasha joto huvuta umeme wa ghafla unaoizidi. Betri hudumu miaka 3 hadi 5, na chumba cha joto hukata muda huo. Ijaribu kila baada ya miezi michache kwa kuchomoa plagi ukutani wakati huna kazi ya haraka.

Intaneti ikisuasua, usianze kumlaumu mtoa huduma. Pima kasi ukiwa kando ya ruta, halafu pima ukiwa mezani. Zikilingana, tatizo liko kwenye laini. Zikitofautiana sana, ni kuta zako. Masafa ya gigahezi 2.4 yanapenya kuta lakini yana msongamano, na oveni ya maikrowevu huyavuruga. Ya gigahezi 5 yana kasi ila hufa haraka ukutani. Ruta ikae juu, mahali pa wazi, si ndani ya kabati wala nyuma ya runinga. Ukiweza, vuta kebo ya mtandao ya Cat 5e hadi mezani. Inafika mita 100 na inamaliza ubishi wote. Kwa mikutano ya video, kasi ya kupandisha (kutuma) ndiyo inayokusaliti, si ile ya kushusha ambayo hutangazwa kwa herufi kubwa.

Sauti

Piga kofi moja chumbani. Ukisikia mlio unaobaki hewani, wanaokusikiliza kwenye simu wanausikia pia. Zulia, pazia zito na rafu ya vitabu vinaumeza. Trei za mayai ukutani hazisaidii chochote cha maana, na zinashika moto. Kelele za nje huingia zaidi kupitia upenyo wa chini ya mlango kuliko kupitia mlango wenyewe, kwa hiyo ukanda wa mpira pale chini unafanya mengi kwa gharama ndogo. Hedifoni yenye maikrofoni iliyo karibu na pembe ya mdomo, isiyo mbele ya pumzi, hushinda maikrofoni nzuri iliyowekwa mbali. Kamera usawa wa macho, mwanga mbele ya uso, basi.

Wasio na chumba

Meza ya kulia inayotakiwa kurudi kuwa ya kulia kila jioni inafaa, ukiipunguzia usumbufu wa kupanga. Tafuta boksi moja lenye kifuniko, lenye nafasi ya kibodi, mausi, kinyanyulio cha kompyuta, chaja, hedifoni na taulo la kiuno. Bandika vipande vidogo vya utepe wa karatasi wenye gundi chini ya ukingo wa meza kuonyesha katikati ya kibodi inapokaa, na kingine sakafuni kwa kibao cha miguu, ili kila asubuhi usianze kukisia upya. Chaja iwe ya pili, inayoishi kwenye boksi, ili ile ya begi isisahaulike. Ukiikunja, usiuzungushe waya kwa kuukaza kwenye kiboksi cha chaja: fanya duara legelege, ufunge kwa utepe wa kunata wa kitambaa, na uache kitanzi kidogo pale waya unapotokea kwenye kiboksi hicho, kwa sababu hapo ndipo hukatika kwanza.